Kumfinyanga Kinyonga

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu sanamu ndogo za wanyama, zile zinazofinyangwa mezani kwa udongo wa polima, zikaokwa katika oveni ya kawaida ya jikoni, kisha zikapakwa rangi. Kazi hii haidai karakana wala tanuri la kuni. Inadai meza, mwanga mzuri, vidole vyenye subira, na macho. Hapo kwenye macho ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu nimeona sanamu nyingi za aina hii zilizopakwa rangi kwa ustadi mkubwa ilhali mnyama mwenyewe hayumo. Simba ana manyoya ya dhahabu yanayomeremeta, lakini miguu yake imenyooka tu, haina kiungo hata kimoja. Twiga amechorwa mabaka yote kwa brashi nyembamba kabisa, lakini shingo imechomekwa juu ya mwili bila mabega ya kuibeba. Msimamo wangu ni kwamba mnyama wa udongo hupatikana au hukosekana kabla kopo la rangi halijafunguliwa, na kwamba udongo huu, kuliko mwingine wowote niujuao, humpa mfinyanzi nafasi ya kumpata.

Nieleze kwanza ni kitu gani. Tunauita udongo, lakini ndani yake hamna hata punje ya udongo wa ardhini. Mna chembechembe za PVC, plastiki ya ukoo mmoja na mabomba yetu ya maji, zilizochanganywa na kilainishi kinachozifanya zikandike, pamoja na rangi na vijazio. Maji hayahusiki kabisa, na kwa hiyo haukauki. Udongo wa mtoni ukiuacha wazi usiku kucha, asubuhi unaukuta umekakamaa na umeanza kupasuka. Huu ukiufunika tu vumbi lisiuingie, utaukuta juma lijalo vilevile ulivyouacha. Ukiutia kwenye joto la nyuzi 110 hadi 135 hivi za sentigredi, kutegemea aina yake, zile chembe hukinyonya kilainishi, zikavimba na kushikamana, na kitu kizima kikawa kigumu.

Historia yake ina mama na binti. Huko Ujerumani alikuwapo Käthe Kruse, mtengenezaji mashuhuri wa wanasesere. Mwaka 1939 aliletewa plastiki ya aina hii aone kama ingefaa kwa vichwa vya wanasesere wake. Kiwandani haikumfaa. Akampa binti yake Sophie, ambaye nyumbani walimwita Fifi, na binti huyo ndiye aliyehangaika nayo hadi ikawa udongo wa kufanyia kazi za mikono. Mwaka 1954 ulikuwa ukiuzwa kwa jina la Fifi Mosaik, na mwaka 1964 ukaingia mikononi mwa kampuni ya Eberhard Faber, ndipo likaja jina la FIMO ambalo wengi wanalijua. Upande wa Marekani, katika jimbo la Illinois, kampuni ya Polyform ilikuwa na mchanganyiko wake uliokusudiwa kuondoa joto katika viini vya transfoma za umeme. Kazi hiyo iliushinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaonekana kwamba unafinyangika, unaokeka na unapokea rangi, ukaitwa Sculpey. Kwa hiyo pande zote mbili kitu hiki kilishindwa kwanza kiwandani, kikapona mikononi mwa watu.

Kabla ya hapo, mfinyanzi aliyetaka udongo usiokauka alikuwa na plastilina, ule wa mafuta na nta. Na hapa nataka nimtaje mtu mmoja ambaye kila anayefinyanga wanyama angepaswa kumjua: Rembrandt Bugatti, Mwitaliano aliyezaliwa Milano mwaka 1884, mdogo wake Ettore Bugatti, yule wa magari. Rembrandt alikuwa akienda katika bustani za wanyama, Jardin des Plantes ya Paris na ile ya Antwerp nchini Ubelgiji, na kufinyanga akiwa amesimama mbele ya mnyama aliye hai. Alimtazama muda mrefu kabla mikono yake haijagusa plastilina. Ukiona picha za kazi zake, chui anayetembea, tembo anayenyoosha mkonga, unaona uzito wa mnyama umeegemea mguu upi na mguu upi uko karibu kunyanyuka. Lakini plastilina haigandi kamwe. Ili kazi idumu ilibidi ipelekwe kwa Hébrard, mwenye kalibu ya shaba nyeusi jijini Paris, itolewe umbo, imiminiwe madini. Asiyekuwa na mtu wa namna hiyo alibaki na kitu laini kinachobonyea kwa kuguswa. Udongo wa polima umeondoa kizuizi hicho. Muda wa kutazama ni uleule aliokuwa nao Bugatti, na baada ya hapo oveni ya mikate inamaliza kazi.

Sasa tumchukue mnyama mmoja tukae naye. Nimemchagua kinyonga wa pembe tatu, yule anayeishi nyanda za juu za Kenya, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na ambaye jamaa zake wanapatikana pia Mlima Meru kule Arusha. Nimemchagua kwa sababu wengi wetu tulilelewa tukimwogopa. Tuliambiwa tusimsogelee, tusimguse, na matokeo yake tumekua watu wazima hatujawahi kumtazama kwa dakika mbili mfululizo. Tunajua anabadilika rangi na anatembea polepole, basi. Ukimpa mtu bonge la udongo na kumwambia amfinyange kinyonga kutoka kichwani, ataleta mjusi mwenye mkia uliojiviringa.

Anza na mguu. Kinyonga ana vidole vitano kila mguu, lakini huvioni vitano. Unaona mafungu mawili ya nyama yanayoelekeana, na ni kucha zinazochomoza mwishoni ndizo zinazokuonyesha kila fungu limebeba vidole vingapi. Kwenye mguu wa mbele, fungu la upande wa ndani lina vidole vitatu na la nje lina viwili. Nenda mguu wa nyuma: mambo yamegeuka, viwili viko ndani na vitatu viko nje. Ndivyo anavyokishika kijiti, mbele na nyuma zikisaidiana, asipinduke hata upepo ukivuma. Jambo hili halionekani kwa kupita. Linaonekana ukiwa na udongo mkononi na swali kichwani: hiki kidole nakiweka wapi? Mwenye kufinyanga miguu minne inayofanana hajui alichokikosa, lakini mtazamaji atahisi kwamba mnyama huyu hajashika kitu, amewekwa tu juu ya kijiti.

Kisha jicho. Hapa ndipo ninapochukua muda kuliko mahali pengine popote. Kope za kinyonga zimeungana zikawa mfuko mmoja wa ngozi uliochongoka kwenda nje, umejaa chembe za magamba zilizojipanga kwa duara, na katikati pamebaki kitundu kidogo cha kuonea. Kwa hiyo hutengenezi jicho la duara lenye weupe na weusi. Unaweka ushanga mdogo mweusi wa kioo, unauzungushia udongo, kisha unaufunika mpaka kibaki kitundu chenye upana wa ncha ya kijiti cha meno. Ushanga wa kioo hauna shida na joto la oveni, unaokwa pamoja na mwili. Halafu unalazimika kuamua jambo ambalo kwa mnyama mwingine halipo: kila jicho linatazama wapi? Macho ya kinyonga yanazunguka kila moja kivyake. Akiwa ametulia, moja linatazama mbele na jingine linachungulia nyuma au juu kwenye majani. Akimlenga mdudu, yote mawili yanageuka mbele na kukutana kwenye windo, tayari kwa ulimi ambao ukitoka unaweza kuuzidi urefu wa mwili. Ukiyaelekeza yote mbele, umemfinyanga kinyonga aliye kazini, na mwili lazima ukubaliane nayo: shingo imesogea mbele, mguu wa mbele umekaza, mdomo umeanza kufunguka. Ukiyatenganisha, amepumzika, na mwili ulegee. Nimewahi kuona sanamu ambayo macho yanawinda na miguu inalala. Rangi yake ilikuwa nzuri mno, na haikuweza kuiokoa.

Mengine nitayapitia haraka. Mwili wake umebanwa ubavu kwa ubavu, ukimtazama kutoka juu ni mwembamba sana. Mgongoni ana mstari wa vijino kuanzia shingoni, ilhali chini ya koo hana. Dume ana pembe tatu zenye vipete, moja ikitokea puani na mbili zikitokea mbele ya macho. Na tofauti na vinyonga wengi, jike wa aina hii hatagi mayai, anazaa watoto walio hai. Hilo la mwisho halimsaidii mfinyanzi chochote, lakini ukishamtazama mnyama kiasi hiki unaanza kutaka kujua habari zake zote.

Tuje kwenye mikono. Udongo ukitoka kwenye pakiti huwa mgumu na unakatika. Unaukanda kama unavyokanda unga wa chapati, mpaka ukiukunja haupasuki pembeni. Usiuweke juu ya sahani ya plastiki wala meza iliyopakwa vanishi, kwa maana kile kilainishi kinazila baadhi ya plastiki na kuacha alama. Tumia kipande cha kioo au kigae cha sakafuni.

Ndani ya mwili kuna mifupa. Waya laini wa kufungia nondo, ule wa mafundi ujenzi, unafaa kabisa. Uchukue nyuzi mbili uzisokote, kwa sababu juu ya waya mmoja ulio laini na mtupu, udongo huteleza na kuzunguka. Waya huo unapita mgongoni mpaka ncha ya mkia, na miguu inafungiwa juu yake. Tumbo na kichwa unavijaza kwa karatasi ya foili ya jikoni iliyominywa mpaka ikawa ngumu. Watu wengi huruka hatua hii wakidhani ni ya kubana matumizi. Kweli inaokoa udongo, na udongo wenyewe unatoka nje na bei yake si ndogo. Lakini sababu kubwa ni moto. Bonge nene la udongo linaiva nje wakati ndani bado bichi, kisha linapasuka. Ukiwa na foili ndani na ganda la milimita tano au sita juu yake, joto linafika kila mahali kwa pamoja.

Magamba ya kinyonga huyu hayapandani kama ya samaki. Ni chembe zilizokaa bega kwa bega, kubwa na ndogo zimechanganyika, hasa ubavuni. Unaviringisha vidonge vidogo vya udongo, unavibandika kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, na mianya iliyobaki unaichoma kwa sindano hiyohiyo. Usivipange kwa mistari iliyonyooka. Ngozi iliyopangwa kwa usawa mtupu hufa palepale. Alama za vidole vyako zikibaki, chovya brashi laini kwenye spiriti ya duka la dawa upite juu yake polepole, ziyeyuke. Hakikisha hakuna moto karibu, na spiriti yote iwe imeshakauka kabla ya kuoka.

Na hapa ndipo sifa ya udongo huu inapojitokeza. Umefika usiku, umechoka, mguu wa nyuma haukuridhishi lakini hujui una kasoro gani. Mfinyanzi wa vyungu angelazimika kuamua sasa. Wewe funika kazi yako ukalale. Kesho ukiamka, tafuta picha nyingine ya mnyama, au nenda bustanini umtafute mwenyewe kwenye matawi, bila kumkamata. Utagundua kwamba paja ulilikalisha juu mno. Unalikata kwa wembe na kulianza upya, na udongo ni uleule. Kwa hiyo anayefinyanga kwa polima hana cha kusingizia. Hakuna kilichomharakisha. Mnyama akitoka hafanani, ni kwa sababu kazi ilipelekwa motoni wakati maswali bado yako mezani.

Kuhusu moto wenyewe, sikiliza kwa makini, maana hapa kuna usalama. Soma pakiti. Sculpey wanaelekeza nyuzi 130 kwa dakika 15 kwa kila milimita 6 za unene, FIMO wanaelekeza nyuzi 110 kwa nusu saa. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha oveni. Nunua kipimajoto kidogo ukiweke ndani karibu na sanamu. Jiko la mkaa silipendekezi hata kidogo, kwa sababu huwezi kulishikilia joto lake mahali pamoja, na udongo huu ukiungua hutoa gesi kali ya hidrojeni kloridi inayochoma macho na kifua. Ukiona umeanza kuwa mweusi, zima moto, fungua madirisha, mtoke nje wote. Watoto wafinyange watakavyo, lakini kuoka ni kazi ya mtu mzima. Vyombo ulivyotumia kwa udongo visirudi kwenye chakula. Sanamu ukiifunika kwa foili juu, pembe na vidole havibabuki. Ukimaliza, zima na iache ipoe humohumo ndani, kwa kuwa ikiwa bado ya moto inalegea, na ukiinyanyua mkia utapinda.

Sasa rangi, na nimefurahi tumefika hapa tukiwa na mnyama tayari. Ifute sanamu kwa spiriti kuondoa mafuta ya vidole. Rangi inayofaa ni ya akriliki, inayochanganywa na maji. Watu wengi wakimpaka kinyonga hufungua kichupa cha kijani na kumvika kijani kichwa hadi mkia. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha uchunguzi wao juu ya kinyonga mmoja wa Madagaska, na kila mpaka rangi angefaidika kuujua. Walionyesha kwamba ndani ya ngozi yake mna seli zenye fuwele ndogo mno za guanini, na nafasi kati ya fuwele hizo ndiyo inayoamua ni mwanga gani urudishwe nje. Akiwa ametulia, fuwele zimekaribiana na zinarudisha bluu. Juu ya bluu hiyo ngozi ina rangi ya manjano, na mwanga ukipita katika manjano, sisi tunaona kijani. Akihamaki, kwa mfano dume akimwona dume mwenzake, fuwele zinaachana, na ngozi inageuka kuelekea manjano na wekundu.

Fikiria maana yake mezani. Kijani chake kimejengwa kwa tabaka. Basi nawe kijenge kwa tabaka. Mpake kwanza bluu iliyofifia, si sawasawa kila mahali. Ubavuni iwe nzito, tumboni nyepesi. Ikikauka, chukua manjano uliyoipunguza makali kwa maji mpaka unaona kupitia ndani yake, mpitishie mara moja, mwache akauke, umpitishie tena. Kijani kitakachotokea kina kina, na kinabadilika ukimgeuza kwenye mwanga. Kisha chukua hudhurungi iliyokozwa, uilainishe kwa maji, uimwage juu ya magamba yote ikajaze mianya, na kabla haijakauka ufute kwa kitambaa. Juu ya magamba inatoka, mianyani inabaki, na kila kidonge ulichobandika kinajitokeza. Mwisho chovya brashi kwenye rangi ya krimu, ifute mpaka ikaribie kuwa kavu, uipitishe kwa wepesi juu ya vijino vya mgongoni na vipete vya pembe. Na kumbuka yale macho. Kinyonga habadiliki rangi ili afanane na kila jani anapokanyaga. Hali ya moyo wake na joto la mwili vina sehemu kubwa. Kama macho yake yametulia, usimvike rangi za ugomvi.

Hapa Tanzania tuna urithi mkubwa wa kuchora wanyama kwa rangi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki 1972, na katika miaka hiyo michache aliacha mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Alitumia rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Chui wake anasimama kwa nguvu ya madoa na mstari wa umbo, na anatosha, kwa kuwa hakuna atakayezunguka nyuma ya ubao kutafuta mgongo wake. Ninampenda sana Tingatinga. Lakini vijana wanaotoka kwenye uchoraji huo kuja kwenye sanamu huja na mazoea mawili yatakayowaponza. La kwanza ni kuitegemea rangi itengeneze mnyama. La pili ni ile rangi ya mafuta yenyewe: juu ya udongo wa polima haikauki vizuri, kilainishi kinaivuruga na inabaki inanata muda mrefu. Rangi ya kucha hali kadhalika, na vanishi nyingi za kupuliza. Tafuta vanishi ya maji, isiyong'aa, uipake mwili mzima. Ile inayong'aa iweke kwenye tone la jicho peke yake.

Kwa anayeanza, sitaki aanze na kinyonga. Aanze na mbuzi aliyefungwa kwa jirani. Mbuzi haondoki, na atamfundisha jambo ambalo litamfaa kwa swala, kwa ng'ombe, kwa punda milia na kwa simba. Kile kiungo cha mguu wa nyuma kinachopinda kuelekea nyuma wengi hukidhania kuwa goti. Goti liko juu zaidi, karibu kabisa na tumbo. Kile ni kifundo cha mguu, na kuanzia hapo kwenda chini mbuzi amesimama kwa ncha za vidole vyake, ambazo ndizo kwato. Mtu akishakiona hicho hawezi tena kumfinyanga mnyama mwenye miguu ya nyuma iliyonyooka. Na amtazame machoni pia: mboni ya mbuzi imelala mlalo. Mboni ya duara ikiwekwa pale, anakuwa mnyama mwingine.

Jambo moja linanisumbua, nami nalisema wazi. Hii ni plastiki. Kabla ya oveni unaweza kuivunja na kuianza upya bila hasara. Baada ya oveni haiozi, haiyeyushwi ikafinyangwa tena, na itakuwapo miaka mingi sana. Kwa hiyo sioni sababu ya kutengeneza wanyama hamsini wa harakaharaka watakaoishia jalalani. Tengeneza mmoja, wa haki, utakayetaka akae.

Namalizia na ndugu zangu wasioona, ambao najua ni wengi miongoni mwa wanaotusikiliza redioni. Mtoto asiyeona anaweza kupapasa mbuzi na kuku. Kinyonga hatampapasa, hata waliomzunguka wanamkataza, na simba na kiboko ndiyo kabisa. Sanamu iliyofinyangwa kwa uaminifu inaweza kumpa kinyonga mzima viganjani: akahesabu kucha, tatu ndani na mbili nje kwa mguu wa mbele, akageukia wa nyuma akakuta kinyume chake, akaligusa jicho akajua kwamba limechongoka na kitundu kiko katikati. Rangi yote niliyoieleza jioni hii haimhusu. Walimu, wazazi na mafundi mnaotaka kufanya kazi hiyo, zingatieni haya. Mkuzeni mnyama hadi mara mbili ya ukubwa wake halisi, ili vidole visome kwa urahisi, na mumwambie mtoto kwamba amekuzwa. Pembe na mkia viwe na waya ndani, kwa maana vitashikwa na mikono mingi. Kucha zichomoze lakini zisichome. Magamba yasizamishwe kwa tabaka nene za vanishi, ziwe mbili nyembamba. Na mtengenezeeni jike pia, asiye na pembe au mwenye pembe ndogo, muwaweke wote wawili mezani pake kwa wakati mmoja, aulize mwenyewe kwa nini hawafanani.